Mambo Msiige, na Yale Tunayoweza Kuiga

Hakuna mtu aendaye ofisini kwa mapenzi. Twaiendea ofisi kwa haja: cheti cha kuzaliwa mtoto, kibali cha kufungua duka, kesi ya kiwanja, kodi iliyochelewa. Tukishapata tulilolitaka twashuka ngazi haraka, na jina la karani twalisahau kabla hatujafika barabarani. Hata hivyo ofisi za zamani zina jambo moja ambalo majumba mengine hayana. Humo ndimo maisha yetu yalimoandikwa, mara nyingi bila sisi kuulizwa. Kwa hiyo ofisi kama hiyo inapogeuzwa kuwa hoteli, habari hiyo si ya watalii peke yao.

Huku Eastlands ya Nairobi jambo hili limekuwa likizungumzwa barazani, hasa katika Majengo ya Pumwani, ambako watu wa pwani tumekuwako tangu mtaa ulipoanza. Nyumba za zamani za halmashauri zabomolewa mtaa baada ya mtaa ili maghorofa yasimame. Pangani tumeyaona kwa macho mwanzoni mwa miaka hii ya 2020. Katika mazungumzo hayo hakosi kutokea mtu akasema, "Mbona wenzetu wa Unguja hawabomoi? Wao hugeuza majumba yao ya kale yakawa hoteli, na fedha zikaingia." Wengine huitikia, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Mimi naona maneno yale yafaa kupimwa kabla hayajakubaliwa. Twende basi Unguja, mtaa wa Shangani, tuitazame nyumba yenyewe inayosemwa.

Nyumba hiyo yaitwa Mambo Msiige. Imesimama ukingoni mwa bahari, na ilijengwa karibu na mwaka 1850 na Sheikh Salim bin Harith. Jina lake ni majivuno ya mwenyewe: mambo haya msiyaige, kwani hamtayaweza. Wazee wa Unguja husimulia kwamba chokaa yake ilikandwa kwa maelfu ya mayai ili ishike barabara. Yawe kweli au yawe chumvi ya wasimulizi, kuta zake za mawe ya matumbawe zingaliko, na yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba ya mawe na boriti ajua kuwa nyumba ya namna hiyo isipotunzwa haidumu.

Tajiri yule alijenga makao, lakini makao hayo hayakukaa sana na jina la makao. Mwaka 1864 waliingia wamisionari wa Kiingereza wa ile jumuiya iliyojulikana kama UMCA. Kuanzia 1874 hadi 1913 ilikuwa ofisi ya Ubalozi wa Uingereza. Baadaye ikawa hospitali ya Wazungu kwa miaka michache, kisha ikarudi kuwa ofisi, safari hii za serikali, na watu wa Unguja wakapanda ngazi zake kwa haja zao za makaratasi kama tufanyavyo sote. Kwa hesabu hiyo, Mambo Msiige imekuwa ofisi kwa miaka mingi zaidi kuliko ilivyokuwa nyumba ya mtu.

Wala haikuwa ofisi ya mambo madogo. Balozi John Kirk, ambaye mwaka 1873 alimshurutisha Sayyid Barghash atie sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, ndiye aliyekuwa na ubalozi huo ulipohamia nyumba hii. Uingereza ilipoiweka Zanzibar chini ya himaya yake mwaka 1890, Balozi akawa ndiye mwenye neno, na Sultani akabaki na kiti na bendera.

Hapa ndipo habari inapotugusa sisi wa Kenya. Tarehe 14 Desemba 1895, Sayyid Hamad bin Thuwaini alitia sahihi mkataba wa kuwapa Waingereza utawala wa mwambao, ule ukanda wa maili kumi, kwa malipo ya kila mwaka. Mwingereza aliyetia sahihi upande wa pili alikuwa Arthur Hardinge. Hardinge alikuwa na vyeo viwili kwa wakati mmoja: alikuwa Balozi Mkuu katika Unguja, na alikuwa Kamishna wa sehemu kubwa ya nchi ambayo leo yaitwa Kenya. Vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gazi vilipigwa katika zama zake, mwaka 1895 na 1896. Na reli ilipofika kwenye kinamasi kile cha Nairobi mwaka 1899, bado vyeo viwili vile vilikuwa mikononi mwake.

Kwa maneno mengine, msomaji, mji huu tunaogombania vyumba vyake leo ulipozaliwa, mkubwa wake alikuwa ndiye yule yule mkubwa wa ofisi ya Shangani. Mtu wa Mombasa, wa Lamu au wa Vanga anapoitazama Mambo Msiige asidhani anatazama jengo la wageni. Amesimama mbele ya mlango wa ofisi iliyotawala nchi yake.

Mwaka 2015 mlango huo ulifunguliwa upya, nayo nyumba ikiwa hoteli ya kampuni ya Park Hyatt. Kazi ya kuikarabati ilikuwa kubwa, na kuta za kale zilishikizwa zikasimama. Kando yake, kwenye uwanja uliokuwa wazi, likajengwa jengo jipya kuongeza vyumba. Jengo hilo jipya ndilo lililozusha maneno. Mji Mkongwe uliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na wasimamizi wa orodha hiyo walieleza wasiwasi wao kuhusu ukubwa wa jengo na kuhusu uwanja uliomezwa. Wenye mradi walisema kazi, ajira na fedha za wageni zitaufaa mji. Kila upande ulikuwa na hoja yake, na mimi sikusudii kuwa kadhi baina yao. Ninachotaka tukione ni kimoja: kabla ya hapo, mtu wa Unguja aliingia Mambo Msiige kwa kuwa ana haja. Sasa anaingia kwa kuwa ana fedha, au kwa kuwa ameajiriwa humo.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye uwanja wa Kelele, iko hoteli nyingine iliyokuwa ofisi, nayo ni Serena. Jengo lake kubwa lilikuwa la simu. Nasema simu kwa maana ya kale, kwani babu zetu walipolitumia neno hilo hawakukusudia chombo cha kuzungumzia. Asili yake ni neno la Kiajemi la waya, na kwetu simu ilikuwa ni ile habari fupi iliyoandikwa, ikapita chini ya bahari na kuletwa nyumbani katika karatasi. Waya huo ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, ukaendelea kusini hadi Durban. Mwaka 1890 ukaunganishwa na Mombasa.

Msomaji mwenye umri wangu ajua simu ilivyoogopwa. Mtu wa posta akionekana mlangoni na karatasi ile, wanawake walianza kulia kabla haijafunguliwa, maana habari ya furaha haikuwa na haraka ya kulipiwa kwa neno. Na waya ule ule ulipitisha mambo mazito kuliko msiba wa nyumba moja. Mwezi Agosti 1896, Sayyid Hamad alipofariki na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza, mwakilishi wao Basil Cave aliomba ruhusa ya London kwa simu, akajibiwa kwa simu. Tarehe 27 manowari zikapiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Ofisi ya Balozi na waya wa baharini vilikuwa mkono na sikio la mwili mmoja.

Jengo la simu la Shangani lilikarabatiwa na shirika la Aga Khan la utamaduni, likaunganishwa na nyumba jirani iliyokuwa makao ya madaktari wa Kichina, na hoteli ikafunguliwa mwaka 1997. Nilipata kulala humo usiku mmoja, kwa gharama ya waandalizi wa mkutano wa Kiswahili, kwani mfuko wa mwandishi haungefika huko. Sina la kulalamika. Chumba kilikuwa safi, upepo wa bahari ulitosha, na adhana ya alfajiri iliingia dirishani bila pingamizi. Lakini nililala kidogo. Nilikuwa nikifikiri juu ya makarani waliokesha katika jengo kama lile wakiandika vifo vya watu wasiowajua, neno baada ya neno, na nikajiuliza ni wageni wangapi chini ya dari lile walijua wamelala mahali gani.

Asubuhi nilimuuliza kijana aliyeleta chai. Alikuwa mtoto wa Ng'ambo, mwenye adabu. Akaniambia, "Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa akija hapa kupeleka simu Dar es Salaam. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kupanda juu." Aliyasema hayo kwa fahari, na fahari yake ilikuwa ya haki. Nikaona kwamba hoteli nayo huweza kumfungulia mtu mlango, ingawa kwa njia ya utumishi.

Atakayesema basi majengo haya yangeachwa kama yalivyokuwa, naye na atazame upande wa pili wa Forodhani. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na hakukuwa na jumba la kushindana nalo katika mwambao wote. Nayo ikawa ofisi za serikali zama za Waingereza, na baadaye ikawa makumbusho ambayo kila mtoto wa shule aliweza kuingia. Mlango wake ulikuwa wazi kuliko wa hoteli yoyote, ila fedha za kuitunza hazikutosha. Ukuta ukaanza kulegea, makumbusho yakafungwa mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi ya kuikarabati, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na mafundi wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Kwa hiyo tusidanganyane. Jengo la kale lataka chokaa kila mwaka, na chokaa yataka fedha. Nyumba mbili zilizogeuzwa hoteli zimesimama, na jumba lililobaki la watu wote limeanguka. Anayesema hoteli ni balaa tupu hajaona kifusi cha Beit al-Ajaib. Na anayesema hoteli ni dawa ya kila kitu, huyo hajasimama nje ya Mambo Msiige na mtoto aliyekuwa akicheza katika uwanja ule.

Nairobi yenyewe ina mifano ya njia nyingine. Mwaka 1913, mwaka ule ule Ubalozi ulipotoka Mambo Msiige, hapa palijengwa ofisi mbili za mawe ambazo zingaliko. Moja ilikuwa ya Mkuu wa Jimbo, mahali pa kuandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo. Ndipo pia palipohesabiwa kuwa mwanzo wa maili zote zitokazo Nairobi. Leo ni nyumba ya sanaa chini ya Makumbusho ya Taifa, na ndani yake zimo hazina za marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais. Ya pili ni Kipande House, ambako Mwafrika aliandikishwa na kupewa kile kipande cha kuvaa shingoni. Hiyo sasa ni benki. Katika ile ya kwanza waingia kwa tikiti ndogo na kusomewa habari zake. Katika ya pili waingia bure, waweka fedha zako na kutoka, na jina lililoandikwa juu ya jengo ndilo pekee likumbushalo shingo za wazee wetu.

Na sisi wa Eastlands tuna nini cha kuokoa? Watu husema hatuna, kwa kuwa hatuna majumba ya masultani. Si kweli. Kabla ya Pumwani kulikuwa na vijiji vya Waafrika vilivyosambaa Nairobi, na kimoja kiliitwa Mombasa kwa sababu ya watu wake. Serikali ya kikoloni ilivivunja, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 watu wakapewa viwanja Pumwani wajenge wenyewe. Wakajenga kama walivyojua: ukumbi wa kupita katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele. Pangani ya kale nayo ilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo.

Nyumba zile za Majengo ndizo zilizokuwa hoteli za wanyonge. Mtu aliyeshuka garini kutoka Mombasa, hana ndugu wala barua, aliuliza njia ya Majengo, akapewa chumba au nusu ya chumba. Wengi wetu tusomao gazeti hili tulipokewa hivyo, au baba zetu. Nako Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, kuna ukumbi wa mikutano ambao wazee waliuita Bunge, kwa kuwa humo wapigania uhuru walizungumza na wafanyakazi wakati Waafrika hawakuwa na bunge la kweli. Jengo lenyewe halina nakshi. Lakini kama ofisi ya Shangani ndimo ilimoandikwa habari ya kututawala, basi katika ukumbi wa Kaloleni ndimo lilimosemwa neno la kukataa.

Turudi sasa kwa yule ndugu wa barazani asemaye zigeuzwe hoteli. Mimi sitamwambia hapana. Nitamuuliza masharti. Na kwa bahati, Waislamu wa pwani hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza masharti ya namna hii, kwani tunayo katika wakfu. Mwenye kuweka wakfu hakukataa mali ichume. Duka hupangishwa, shamba huvunwa, na nyumba hukodishwa hata kwa mgeni, ili mapato yautunze msikiti, yamlishe yatima, yamsomeshe mtoto. Ila asili ya mali haiuzwi, na sharti la mwenye kuweka halivunjwi. Najua zimo nyumba za wakfu zilizoanguka kwa uzembe wa wasimamizi. Uzembe huo ni wa watu, na kanuni yenyewe haikukosea.

Tukiifuata kanuni hiyo, jengo la historia likigeuzwa hoteli Unguja, au likigeuzwa jingine lolote Nairobi, yangekuwapo masharti manne yaliyoandikwa katika mkataba kabla ya fundi kupanda ngazi. La kwanza, ardhi na jengo vibaki vya umma, na mwenye biashara awe mpangaji. La pili, sehemu ya kodi irudi katika mtaa ule ule, kwa shule, zahanati na matengenezo ya nyumba za majirani. La tatu, kiwepo chumba kimoja au uwanja mmoja ambao mtu wa mtaa huingia bila kununua kitu. La nne, habari za jengo ziandikwe mlangoni kwa Kiswahili kinachosomeka, na zitajwe za mtawala na za mtawaliwa.

Hayo si mambo ya kutisha mfanyabiashara. Mgeni aliyetoka mbali hakuja kutafuta kitanda, kwani kitanda anacho kwao. Amekuja kwa sababu ya mahali, na mahali ni pamoja na watu wake.

Mimi ni mtu wa tungo, na nyumba ikinisumbua moyoni huishia katika ubeti. Huu ndio nilioutoa Shangani:

Kuta zimeokolewa, mlango nao je jama?
Chokaa imetiliwa, boriti zimesimama,
Jirani amezuiwa, kwa mbali anatazama,
Nyumba isiyoingiwa, hiyo si nyumba, ni jina.

Sheikh Salim bin Harith alituambia tusiige. Namjibu kwa heshima kwamba yako ya kuiga katika nyumba yake: ile bidii ya kuisimamisha tena kuta za kale badala ya kuzifagia. Lile la kufunga uwanja wa watoto, hilo ndilo tusiige. Na wakati wa kuyasema haya kwa ukumbi wa Kaloleni na nyumba za Majengo ni sasa, michoro ingali juu ya meza za maofisa. Mikutano ya wakazi ikiitishwa, wazee wa mtaa na waende, na vijana wawafuate wakiwa na kalamu. Waulize kwanza juu ya mlango.